Mama alijulikana kwa jina la zamani la kaka yangu, wasifu wake nauandikaje?

Shikamoo mama mshauri. Nimekuwa nikisoma majibu yako muda mrefu na sikuwahi kudhani ipo siku nitaandika mimi, lakini hili jambo limenikaa kooni na nyumbani hakuna wa kuongea naye bila makelele.

Tumezaliwa wanne, kwetu ni Taita, juu huko upande wa Wundanyi, ila tumekulia Voi manake mama alikuwa na kibanda karibu na stendi, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali maharagwe. Mama alifariki mwezi wa kwanza mwaka huu. Mwezi wa 12 tuna misa ya kumbukumbu na tunajengea kaburi, na kwenye kikao cha familia nikapewa mimi kazi ya kuandika kijitabu pamoja na maneno ya kwenye jiwe kwa sababu ati mimi ndiye mwalimu.

Sasa shida iko kwa kifungua mimba wetu. Nitamwita Daudi hapa, silo jina lake. Daudi ni transijenda, alizaliwa akaandikwa msichana akalelewa msichana, nimelala naye kitanda kimoja mpaka nikiwa na miaka 12, kila Jumamosi akinisuka nywele pale nyuma ya jiko. Mwaka 2016 alitupigia simu mimi na mama kutoka Nairobi akasema yeye ni mwanamume, amekuwa akilijua hilo tangu utotoni, na akatuambia jina lake. Sitadanganya, nililia wiki nzima, nikamnunia miezi, halafu pole pole nikazoea na sasa tunaongea vizuri. Watoto wangu walikuwa wakimwita mama mkubwa sasa wanamwita mjomba, wao haikuwachukua hata siku 3, mimi ndiye ilinichukua zaidi ya mwaka.

Siku ya mazishi wasifu uliandikwa na baba mdogo. Akasoma kwa spika watu wote wakisikia, marehemu ameacha mabinti 3 na mwana mmoja, akataja jina la zamani la Daudi na kusema ndiye binti yake wa kwanza. Daudi alikuwa amesimama mbele ameshika msalaba wa mama, amevaa suti. Wenzake wawili wa kazini walikuwa wamekuja kumpa pole na wao walikuwa hawajui lolote. Hakusema kitu, alishika ule msalaba mpaka mwisho, jioni ile ile akapanda basi akarudi Nairobi. Baadaye nikasikia mmoja wa wale wenzake hata salamu yake haitikii tena.

Sitaki hilo lirudiwe. Lakini kila nikikaa kuandika nakwama. La kwanza, mama hakuna aliyemjua kwa jina lake la ubatizo, Voi yote alikuwa Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye Daudi, ndilo jina lake la zamani. Liko kwenye kibao cha kibanda mpaka leo, liko kwenye daftari la chama chake cha akina mama, na chama ndicho kinachangia jiwe na wanataka liandikwe hivo. La pili, hadithi kubwa kabisa ya maisha ya mama ni vile aliuza ng'ombe wake wa pekee ili Daudi aende shule ya bweni ya wasichana wakati baba alikuwa amekataa, na Daudi akawa msichana wa kwanza kwenye ukoo wetu kumaliza kidato cha 4. Nikiitoa hiyo nimemnyima mama heshima yake, nikiiweka nimemvua Daudi nguo mbele za watu. Halafu picha, ile nzuri kuliko zote mama akicheka ni ya komunio ya kwanza ya Daudi, na yuko na gauni jeupe.

Baba mdogo anasema lile jina ni la nyanya yetu na jina la nyanya halitupwi. Kitinda mimba wetu, ndiye anayetafsiri kurasa za Kiingereza, anasema tuandike she mpaka 2016 halafu he kuanzia hapo, ati hivo kila mtu ameridhika. Daudi mwenyewe sijamuuliza, naogopa kumtonesha kidonda.

Na kuna lingine nalionea haya. Nikiandika "kaka yangu alinisuka nywele" naona kama nadanganya. Nilikuwa na dada, nilimpenda, na wakati mwingine naona kama nikiandika vile anavyotaka Daudi, yule dada yangu nitakuwa nimemzika mara ya pili. Juzi nikachukua simu ya mama kutafuta namba ya katekista nikakuta namba ya Daudi ameiandika "Kifungua", basi, hakuna jina. Sijui hata kwa nini nimekuambia hilo. Nisaidie mama.

Mwalimu, Voi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba, mwaka haujaisha na tayari umetwikwa kuandika maisha ya mama yako yaingie kwenye kurasa nane za kijitabu. Hiyo peke yake ni kazi nzito hata kama kusingekuwa na jambo la Daudi.

Kwanza nikuambie nilichokifanya kwenye barua yako. Jina la zamani la Daudi uliliandika lote, mara saba nilihesabu, na mimi nimelitoa kila mahali nikaweka Fulani. Sikukuuliza ruhusa, samahani kwa hilo. Nililitoa kwa sababu wewe ulimpa kaka yako jina la bandia ili kumficha, halafu mistari miwili mbele ukaliacha jina la kweli la zamani wazi, nadhani bila kujua. Mtu wa Voi angesoma angemjua mara moja. Na ona sasa, barua imesomeka mpaka mwisho, ng'ombe ameuzwa, mama amecheka kwenye picha, nywele zimesukwa, na jina halimo. Sisemi kijitabu kiwe hivo hivo, nasema tu tumeona kwamba inawezekana.

Nikikusikia vizuri, una mambo mawili yamefungwa kamba moja. Unataka mama asimuliwe kwa ukweli wake wote na unataka Daudi asiaibishwe tena, na unaona kila ukivuta upande huu upande ule unakaza. Chini yake kuna la tatu ambalo ndilo uliliacha mwisho, lile la dada. Nitaanza na hilo manake naona ndilo linaloushika mkono wako usiandike.

Umesema ukiandika kaka yangu alinisuka nywele ni kama unadanganya. Hebu tulitazame. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba kule Unguja mwaka 1880 hivi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, Siti lilikuja ukubwani. Lakini mtu akikusimulia atakuambia Siti alikuwa akitembeza vyungu vya mama yake kuuza mjini, na wewe humkatizi kusema ah, wakati ule hakuwa Siti. Ngũgĩ wa Thiong'o naye vitabu vyake vya mwanzo vilitoka na jina la ubatizo ambalo baadaye aliliacha, na bado tunasema Ngũgĩ alizaliwa 1938 Limuru, Ngũgĩ akasoma shule ya Alliance. Tukimtaja mtu zamani zake huwa tunamtaja kwa jina tunalomjua nalo leo, ndivyo tunavyosimulia siku zote, wala hatuoni tumedanganya.

Najua utaniambia si sawa, na kweli si sawa kabisa. Jina la zamani la Ngũgĩ ukilitaja hakuna atakayemtazama kifua wala kumtafuta sauti. La Daudi likitajwa kwa spika, watu wanageuza shingo kumkagua upya, na yule mfanyakazi mwenzake ameacha kuitikia salamu. Kwa hivyo wewe wasiwasi wako ni ukweli na yeye wake ni usalama, na ningependa uvione vyote viwili ukiwa umeshika kalamu.

Lakini dada yako uliyempenda, mwanangu, silichukulii kwa wepesi. Ile mikono iliyokusuka ilikuwepo. Ile Jumamosi ilikuwepo. Hakuna anayeweza kukunyang'anya, na sidhani Daudi anataka. Swali langu kwako ni hili, ulichokipenda kilikuwa neno dada, au alikuwa mtu yule aliyekukalisha chini akakuchana taratibu usiumie? Sikuulizi ili ujibu haraka. Inawezekana jibu ni vyote, kwa sababu kuwa na dada mkubwa ni kitu, kina ladha yake, na ukihitaji kukiomboleza kiomboleze, na mtu wako mmoja wa kuaminika, au kwenye daftari lako usiku. Ninachoogopa ni maombolezo hayo kwenda kufanyika ndani ya kijitabu cha mama ambako Daudi atayasoma pamoja na kijiji kizima.

Tuje kwenye kuandika kwenyewe. Hapa lugha yetu imekubeba kuliko unavyofikiri. Kiswahili hakina he wala she, kina yeye, alikuja, alisoma, akamsuka. Jinsia imejificha kwenye maneno machache tu, kaka na dada, binti, mjomba na mama mkubwa, kuoa na kuolewa. Ukiyapita hayo unabaki na mtoto, mwana, mkubwa wangu, na hilo kifungua mimba ambalo wewe mwenyewe ulilitumia bila hata kufikiri. "Marehemu ameacha watoto 4" ni sentensi kamili, haina uongo wala haimvui mtu nguo. Ila nayo ina hatari yake nikuambie mapema. Ukiandika mabinti wawili kwa majina yao na kitinda mimba ukamwita mwana wetu wa kiume, halafu Daudi peke yake ukamwita "mtoto", atajua umemkwepa. Ukichagua maneno yasiyo na jinsia basi yawe kwa wote wanne.

Kurasa za Kiingereza ndiyo taabu yenyewe manake kule kila sentensi inakudai. Nimeielewa nia ya mdogo wenu, she mpaka 2016 halafu he, anatafuta amani. Lakini fikiria msomaji asiyejua kitu, kwa mfano yule mwenzake wa kazini wa pili ambaye bado anamsalimia. Anasoma anakutana na she, anafika katikati anakutana na he, tayari kaambiwa kila kitu, na aliyemwambia ni nyinyi. Tena Daudi alivyowaeleza, 2016 ndio mwaka aliowaambia nyinyi, yeye alikuwa akilijua tangu utotoni. Huo mpaka wa 2016 ni wa kwenu. Wapo transijenda wanaopenda utoto wao usimuliwe jinsi ulivyoonekana wakati ule, nimekutana nao, mmoja aliniambia yule msichana alinibeba mpaka nikafika, usimfute. Na wapo wengi zaidi niliokutana nao ambao wanataka jina moja na neno moja tangu kuzaliwa. Daudi yuko wapi kati ya hao mimi sijui, na kwa barua yako naona wewe pia hujui.

Hadithi ya ng'ombe. Nimeisoma mara tatu. Kuna chochote kwenye ujasiri wa mama yako kinachopotea ukisema "kifungua mimba wake alipoitwa kidato cha kwanza na pesa hakuna na baba hataki, aliuza ng'ombe wake wa pekee"? Nauliza kwa dhati, kwa sababu kitu kimoja kinapotea kweli. Baba alikataa nadhani kwa sababu aliona ni msichana, na mama alikataa kukataa kwake. Hiyo ni sehemu ya ukubwa wake. Unaweza kuibakiza kwa njia nyingine, umesema mmezaliwa wanne na wewe ni binti na umekuwa mwalimu, mama alikusomesha pia. Labda wewe ndiye wa kusimulia kwa mdomo wako vile alivyopigania elimu ya mabinti, kwa kujitolea mfano wewe. Au labda Daudi mwenyewe anaionea fahari ile shule na atasema andika tu. Watu hutushangaza.

Kwa wanaosema rekodi ya zamani haiguswi, kuna kesi moja ya hapa kwetu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha 4, chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Mtihani aliufanya zamani akiitwa jina lingine, na alama alizopata zimebaki zilezile. Sikupi hii uende kumpigia nayo baba mdogo kichwani. Nimekumbuka tu kwamba hata karatasi ya serikali iliyohusu miaka iliyopita ilionekana inaweza kubeba jina la leo.

Baba mdogo naye usimfanye adui. Akisema jina la nyanya halitupwi anaongea kama mtu aliyefiwa na mama yake, sasa amefiwa na shemeji, na anaona majina yanapukutika. Umewahi kumuuliza nyanya alikuwa mtu wa namna gani? Huenda kwenye ukoo kuna binamu wengine wamebeba jina hilo hilo, na wakiwepo basi nyanya yupo bado. Kama hakuna, kijitabu kinaweza kuwa na mistari miwili juu ya nyanya, kwa jina lake, kama mama mkwe wa marehemu, pasipo kumhusisha Daudi. Sijui kama itamtosha. Inaweza isimtoshe, na hapo utahitaji mtu wa rika lake wa kuongea naye, wewe kama mwana wake utaonekana unamfundisha.

Sasa Mama Fulani. Hapa sina njia nyepesi na sitajifanya ninayo. Jina hilo ni la Daudi la zamani lakini pia lilikuwa la mama yenu miaka yote ile ya kibanda, amefokewa nalo, amekopeshwa nalo, ameitwa nalo na watu wenye njaa saa 12 asubuhi. Wanawake wa chama wakilitamka hawamfikirii Daudi hata kidogo. Unaweza kuliacha midomoni mwao, waseme watakavyosema siku ile, na kwenye karatasi na jiwe ukaweka majina ya mama mwenyewe ya ubatizo na ya ukoo. Hatari yake ni chama kuona wamechanga halafu mama yao hayupo kwenye jiwe. Unaweza kuweka kitu walichokuwa wakimjulia, mama wa mahamri, mama wa kibandani, kama kulikuwa na jina kama hilo, lisiwe la kutunga. Na unaweza kuliandika kama lilivyo, kukiwa na baraka ya Daudi, manake huenda yeye anaona lile sasa ni jina la mama na wala si lake tena. Huenda pia kila akienda kaburini atakuwa anakutana nalo limechongwa. Kijitabu kinachakaa, jiwe linabaki, kwa hivyo jiwe ndilo ningelifanya la mwisho kabisa.

Utaona kila nilikogusa nimeishia kwa Daudi. Umesema unaogopa kumtonesha. Nakuelewa, lakini kidonda hiki kilishatoneshwa kwa spika mbele ya watu mia na alishika msalaba mpaka mwisho. Kumuuliza faraghani naona ni kitu cha aina nyingine. Ninachokuomba ni namna ya kuuliza. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma, kwenye kikao na familia kama yenu, nilimuuliza kijana "jina lako la ukweli ni lipi?" nikimaanisha la kwenye kitambulisho, na nilimwona akifunga uso mbele yangu kama mlango. Hakurudi tena. Neno "ukweli" lilimwambia kwamba lile analojiita mimi nalihesabu uongo. Nalibeba mpaka leo.

Kwa hivyo mpigie siku ambayo hana haraka. Usimpe orodha. Anza na mazishi, mwambie uliona, manake nina hakika hajui kama kuna mtu aliona. Halafu mwambie umepewa kijitabu, na umsomee ile hadithi ya ng'ombe vile ulivyoiandika, kwa sauti, umsikilize anavyopumua. Picha ya komunio muulize tofauti. Anaweza kusema itieni, anaweza kusema iwe ya nyumbani tu, anaweza kusema mkate ibaki mama peke yake akicheka, na anaweza kunyamaza wiki. Akikupa jibu usilolipenda una haki ya kumwambia linakuuma, ndugu huambiana, ila usimwambie siku hiyo hiyo.

Ile "Kifungua" kwenye simu ya mama, umesema hujui kwa nini umeniambia. Nisingependa tuifanye kura ya marehemu, hatujui aliandika lini wala alikuwa anawaza nini, pengine ameiandika hivo tangu simu ya kwanza. Ila kama ningekuwa wewe ningemwambia Daudi kwamba umeiona. Pengine hajui.

Na fundi wa kaburi mwambie asubiri, mwezi wa 12 bado, herufi za jiwe huchongwa siku chache tu. Ukishaongea naye niandikie, hasa hiyo ya shule, nimebaki nayo kichwani.